Jinsi herufi kubwa zilivyokutana na herufi ndogo

Mtoto wa darasa la kwanza akiambiwa kwamba G na g ni herufi moja, hulikubali jambo hilo kwa kuwa mwalimu amesema, si kwa kuwa macho yake yameliona. Ukiipunguza kimo G hupati g, na ukiikuza a haigeuki kuwa A. Hali ni hiyo hiyo kwa R na r, E na e, D na d. Zipo zinazolingana, kama O, S na V, lakini hizo ni chache kuliko tunavyodhani. Anayejifunza sanaa ya khati kwa herufi za Kilatini hukutana na tatizo hilo kwa sura nyingine. Huandika safu nzuri ya herufi ndogo, huandika safu nzuri ya herufi kubwa, kisha akizichanganya katika jina la mtu, kubwa zinaonekana zimetanuka, zimerefuka kupita kiasi, na hazikai vizuri pamoja na zile ndogo.

Sababu yake ni ya kihistoria. Herufi kubwa tunazoziandika leo zilikamilika Roma katika karne ya kwanza na ya pili, nazo ndogo zilikamilika katika nchi za Wafranki mwishoni mwa karne ya 8. Baina yake kuna takriban karne saba, na juu ya tofauti ya umri ipo tofauti ya vifaa, kwa kuwa moja ilipata sura yake juu ya jiwe na nyingine ikaipata juu ya ngozi iliyolainishwa. Mfumo mmoja unaozitumia zote mbili kwa pamoja, kama tunavyoufahamu, ulikuja baadaye sana, nao ulitokana kwa sehemu na wasomi wa Italia kukosea umri wa miswada waliyoipenda.

Wala mwandiko wenye herufi za namna mbili si jambo la lazima. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina kubwa wala ndogo, na washairi wa Lamu na Pate hawakupungukiwa na kitu. Mwandishi wa khati za Kiarabu akitaka kichwa cha sura kijitokeze, hubadili rangi ya wino, hutumia kalamu nene zaidi, au huchukua khati ya aina nyingine, labda thuluthi kwa kichwa na naskhi kwa matini. Misahafu iliyoandikwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne za 18 na 19 inauonyesha ufundi huo kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Basi tukiona kwamba Ulaya ilijipatia alfabeti mbili ndani ya moja, yatupasa kuuliza kilichosababisha.

Tuanze na jiwe. Chini ya nguzo ya Kaisari Trajan mjini Roma, iliyokamilika mwaka 113, kuna maandishi ya mistari 6 ambayo kwa karne nyingi yametazamwa kama kipimo cha herufi kubwa. O yake inakaribia kuwa duara kamili. E, F, L na S ni nyembamba, takriban nusu ya mraba. Mistari mingine ni minene na mingine myembamba, na kila mstari unamalizikia kwenye kikanyagio kidogo kilichochongoka. Vikanyagio hivyo ndivyo vilivyozua mabishano. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba vililetwa na patasi, kwa kuwa mwashi hana budi kuufunga mstari kwa mkato safi. Mwaka 1968 Edward Catich, padri wa Iowa nchini Marekani aliyewahi kufanya kazi ya kuandika mabango, alitoa kitabu chenye hoja nyingine. Alisema kwamba herufi zilichorwa kwanza kwa brashi bapa, na mwashi akafuata tu njia ya rangi.

Tukizipima hoja hizi mbili, ya Catich ina nguvu zaidi. Patasi inaweza kuchonga mistari yote kwa unene mmoja bila taabu, kwa hiyo haituelezi kwa nini mguu mmoja wa A ni mnene na mwingine mwembamba. Brashi bapa iliyoshikwa kwa mshazari inatoa tofauti hiyo yenyewe, na mkono ukigeuka kidogo mwishoni, kikanyagio kinatokea. Hata hivyo patasi haikuwa mtumwa wa brashi, maana ndiyo iliyotia ule ukali wa kingo ambao rangi peke yake haina.

Jambo la kukumbuka ni kwamba herufi hizi zilitungwa zisimame zenyewe kwa zenyewe, kubwa kwa kubwa. Warumi hawakuwa na ndogo za kuziweka kando yake. Mwaka 1989 Carol Twombly alipotengeneza kwa kampuni ya Adobe seti ya herufi za kompyuta inayoitwa Trajan, seti hiyo ilitolewa bila herufi ndogo kwa sababu hiyo hiyo, naye ilimbidi abuni herufi ambazo jiwe halina. Hata neno Kiswahili halingeweza kunakiliwa kutoka kwenye jiwe lile, kwa kuwa K haimo, H haimo, na W Warumi hawakuijua kabisa.

Lakini Mrumi wa kawaida hakuandika barua zake kwa patasi. Aliandika kwa haraka, kwa wino au kwa kuchora kwenye nta, na haraka ndiyo mzazi wa herufi ndogo. Ushahidi mzuri umepatikana Vindolanda, ngome ya Kirumi kaskazini mwa Uingereza, ambako tangu mwaka 1973 wachimbuaji wamekuwa wakitoa vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino. Kimojawapo, cha karibu mwaka 100, ni mwaliko ambao Claudia Severa alimpelekea rafiki yake Sulpicia Lepidina aje kwenye siku yake ya kuzaliwa. Sehemu kubwa imeandikwa na karani, na maneno ya kumalizia ni ya mkono wa Claudia mwenyewe. Mwandiko wa vibao hivyo unamsumbua hata msomi wa Kilatini, maana kalamu haikutaka kuinuliwa.

Ukiitazama sababu hiyo, matokeo yanaeleweka. Herufi ya viharusi vinne ilipunguzwa hadi viwili au vitatu. H ilipoteza nusu ya juu ya mguu wake wa kulia ikawa h. B ilipoteza tumbo la juu ikawa b. Viharusi vilivyoanzishwa kwa nguvu vilipita juu ya mstari, na vilivyomalizwa kwa haraka vikashuka chini yake. Kufikia karne ya 4 mwandiko wa makarani ulikuwa na herufi zenye vichwa vinavyopanda na mikia inayoshuka, na jicho la leo linazitambua nyingi kati ya hizo bila kufundishwa.

Wakati huo huo kitabu chenyewe kilikuwa kikibadilika. Gombo la mafunjo lilikuwa likiiachia nafasi ngozi iliyokunjwa na kushonwa kurasa kwa kurasa, na juu ya ngozi laini kalamu ya ncha pana inateleza kwenye mviringo bila kukwama. Zikatokea khati mbili za vitabu. Ya kwanza ni unsiali, yenye A, D, E na M za mviringo lakini bado na kimo kimoja. Ya pili ni nusu-unsiali, iliyochukua vichwa na mikia ya makarani na kuvipa utulivu wa kitabu. Wapo waliodai kwamba Wakristo waliichagua unsiali ili vitabu vyao visifanane na vile vya washairi wa kipagani. Dai hilo lina chembe ya ukweli, kwa sababu vitabu vingi vya unsiali vilivyobaki ni vya Kikristo, lakini pia ni vitabu vya Kikristo vilivyotunzwa zaidi na watawa, kwa hiyo kuhesabu vilivyobaki hakutoshi kuthibitisha nia ya walioandika.

Dola ya Roma ya Magharibi ilipokwisha mwaka 476, mamlaka yaliyokuwa yakiishikilia miandiko pamoja yalikwisha nayo. Kila eneo likaenda njia yake. Hispania ilikuwa na khati yake, Italia ya kusini yake, nchi ya Wafranki mwandiko uliosongamana hata mtawa wa jimbo la pili akashindwa kuusoma, na Ireland ikaikuza nusu-unsiali hadi kuzaa Kitabu cha Kells, karibu mwaka 800. Kwa mtu anayependa khati, hiki ni kipindi cha neema. Kwa mfalme anayetaka kutawala kwa barua, kilikuwa balaa.

Mfalme huyo alikuwa Charlemagne. Mwaka 789 alitoa waraka mrefu uliotaka shule zifunguliwe na vitabu vya dini vinakiliwe bila makosa, kwa hoja kwamba watu wanaotaka kumwomba Mungu vizuri huomba vibaya kwa sababu ya vitabu vibovu. Mwenyewe hakuwa mwandishi. Einhard, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba mfalme aliweka vibao vya kuandikia chini ya mito ya kitanda chake ili afanye mazoezi usiku, lakini alianza akiwa mtu mzima na hakufika mbali. Katika utawala wake ilienea khati ndogo, ya mviringo, yenye nafasi kati ya maneno na herufi zisizogandana, ambayo wataalamu wanaiita karolini. Herufi ndogo za gazeti la leo zinatokana nayo.

Nani aliibuni? Vitabu vya zamani vinamtaja Alcuin wa York, msomi aliyeitwa kwenye makao ya mfalme na baadaye kuongoza abasia ya Mtakatifu Martin mjini Tours kuanzia mwaka 796 hadi alipofariki mwaka 804. Maelezo hayo yanavutia kwa kuwa yanatupa mtu mmoja wa kumshukuru, lakini tarehe zinayakataa. Katika abasia ya Corbie, kaskazini mwa Ufaransa, abati Maurdramnus alisimamia Biblia iliyoandikwa kwa khati hii katika miaka ya 770, kabla Alcuin hajafika kwa Wafranki. Iliyo salama zaidi ni kusema kwamba karolini ilikomaa katika abasia kadhaa kutokana na nusu-unsiali na mwandiko wa makarani, na kwamba Tours, hasa baada ya Alcuin, iliinyoosha na kuisambaza kwa kutoa Biblia kubwa kwa wingi.

Ni katika Biblia hizo za Tours tunapoziona kubwa na ndogo zikipangwa pamoja kwa utaratibu uliokusudiwa. Mfano ni Biblia ya Moutier-Grandval, ya miaka ya 830, ambayo sasa iko katika Maktaba ya Uingereza mjini London. Kichwa cha kitabu kimeandikwa kwa herufi kubwa za Kirumi, mistari ya kufungulia kwa unsiali, na matini kwa karolini. Kila khati ina cheo chake, na msomaji anashuka ngazi kwa ngazi kutoka ya kale hadi ya sasa. Mwanzoni mwa sentensi waliweka herufi moja ya khati ya juu, na hapo ndipo mazoea yetu yalipoanzia. Hata hivyo kubwa ilikuwa bado imekopwa. Karolini haikutungiwa kubwa zake, ilichukua zilizokuwapo.

Kuanzia karne ya 12 miji ilikua, vyuo vikuu vikaanzishwa, na vitabu vikahitajika kwa wingi kuliko watawa walivyoweza kutoa. Herufi zikaanza kubanwa, duara likawa pembe, na ukurasa ukawa kama umefumwa. Hii ndiyo khati ya Kigothi. Wengine wanasema sababu ni kubana matumizi ya ngozi, iliyokuwa ghali. Lakini vitabu vikubwa vya ibada, ambavyo havikubaniwa gharama, navyo viliandikwa hivyo, kwa hiyo ladha ya wakati lazima ilikuwa na nguvu yake. Kilicho muhimu kwetu ni kwamba Wagothi wa kalamu ndio waliotunga kubwa kwa ajili ya ndogo. Ndogo zilikuwa nyembamba na nyeusi, nazo kubwa zikafanywa pana, zilizopinda, zenye mistari miwili miwili na vinywele vya mapambo, ili moja itue mwanzoni mwa neno na kuangaza. Zilifaa sana kwa kazi hiyo, na hazikufaa kwa nyingine yoyote. Herufi kubwa ya Kigothi ni kama bwana harusi: mmoja akiwapo shughuli inapendeza, kumi wakijipanga hujui nani anaoa. Ndiyo maana neno zima lililoandikwa kwa kubwa za Kigothi, kama tunavyoliona nyuma ya magari na kwenye fulana, halisomeki.

Upinzani ulianza kwa macho yaliyochoka. Katika karne ya 14 mshairi Petrarca alilalamika kwamba mwandiko wa zama zake ulibuniwa kwa ajili ya kitu kingine kuliko kusomwa. Coluccio Salutati, chansela wa Florence, alipozeeka na macho kumpungua, alitafuta nakala zilizoandikwa kwa kile alichokiita herufi ya kale. Miongoni mwa vijana waliomzunguka alikuwamo Poggio Bracciolini, aliyezaliwa mwaka 1380, na yeye ndiye anayetajwa zaidi kuwa aliifufua herufi hiyo katika miaka ya mwanzo ya karne ya 15. Wakati huo Niccolò Niccoli alikuza namna ya haraka na ya mshazari, iliyokuja kuitwa italiki.

Sasa kosa lenyewe. Herufi waliyoiita ya kale ilikuwa karolini. Waliikuta katika miswada ya karne za 9 hadi 12 yenye maandiko ya Kirumi, na kwa kuwa maneno yalikuwa ya Cicero, waliupa mwandiko umri wa maneno. Tunaweza kuuliza kama walidanganyika kweli au walijipendezesha tu. Poggio alikuwa msaka miswada hodari, ndiye aliyepata mswada wa Lucretius mwaka 1417, na mtu wa namna hiyo aliona miswada mingi mno kuwa mjinga wa umri wake. Naona ilitosha kwao kwamba mwandiko huo ulikuwa wa kabla ya Kigothi. Lakini matokeo ni yale yale. Kwa kuamini kwamba wanaandika Kirumi, waliona ni haki kuweka kando ya herufi hizo zile kubwa za Kirumi zilizokuwa zimejaa kwenye mawe ya Italia, na Poggio mwenyewe alikusanya nakala za maandishi ya mawe hayo. Viumbe wawili waliopishana kwa karne saba wakaandikwa kuwa ndugu.

Kazi haikukamilika mara moja. Kubwa za kwanza za Florence zilikuwa legelege, nusu Kirumi na nusu za enzi ya kati. Zilinyooshwa katikati ya karne, kaskazini zaidi, huko Padua na Verona. Felice Feliciano wa Verona alipima mawe ya kale na kuichora alfabeti yake kwa bikari na rula karibu mwaka 1460. Bartolomeo Sanvito wa Padua, mmoja wa mafundi wakubwa wa kalamu ambao Ulaya imepata kuwa nao, aliandika vichwa vya vitabu kwa kubwa za mawe katika rangi zinazobadilika mstari kwa mstari, na chini yake akaweka italiki ya mshazari. Alipochanganya, alizifanya kubwa zake fupi na wima.

Wachapaji walirithi mchanganyiko huo na kuutia katika risasi. Nicolas Jenson, Mfaransa aliyefanya kazi Venice, alitoa mwaka 1470 herufi zilizolitatua tatizo kwa njia ambayo kalamu haikuiwazia vya kutosha: alizipa ndogo vikanyagio kama vya kubwa, hivyo jiwe na kalamu vikasimama kwa miguu ya aina moja. Francesco Griffo, mchongaji wa mchapaji Aldus Manutius, aliongeza jambo la pili mwaka 1495 kwa kuzifanya kubwa kuwa fupi kuliko vichwa vya b, d na l. Na Aldus alipotoa kitabu cha Virgil kwa italiki mwaka 1501, ndogo zote zilikuwa za mshazari na kubwa zote ndogo na wima, kama alivyoandika Sanvito. Ludovico degli Arrighi, katika kitabu chake cha kufundishia cha mwaka 1522, aliwaagiza wanafunzi hivyo hivyo, kwamba hata khati ikiinama kubwa zisimame. Kubwa za mshazari zilikuja baadaye, na leo wengi hudhani zilikuwapo tangu mwanzo.

Umbo lilipotulia, mahali pa kuziweka palibaki mjadala. Wajerumani waliipa kila nomino herufi kubwa na wanafanya hivyo mpaka leo. Wadenmaki waliiacha desturi hiyo mwaka 1948. Na mwaka 1925 Herbert Bayer, wa shule ya Bauhaus, alitaka kubwa zifutwe kabisa. Kwetu Kiswahili sanifu huanza na K kubwa, ilhali Afrika Kusini wanaandika isiZulu na kuipa heshima hiyo Z ya mzizi.

Kalamu yenyewe ilikuwa karibu kusahaulika alipotokea Edward Johnston, aliyezaliwa Uruguay mwaka 1872 na kuanza kufundisha mjini London mwaka 1899. Kwa kuchunguza kitabu kimoja cha zaburi kilichoandikwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 10, kwa karolini ya Kiingereza, alijenga khati ya msingi ambayo wanafunzi huanza nayo hadi sasa, na mwaka 1906 akatoa kitabu kilichoieneza. Walimu wengi wa njia hiyo hupima kwa upana wa ncha: kiwiliwili cha ndogo ni upana 4, vichwa vinapanda hadi 7, na kubwa zinakomea 6. Sababu ni ya kifaa. Ncha ni ile ile, kwa hiyo kila unapoirefusha kubwa mstari wake unaonekana mwembamba zaidi kwa kulinganisha na ndogo nyeusi zilizosongamana. Ukikomea 6, rangi ya ukurasa inabaki moja.

Mwaka 1916 reli ya chini ya ardhi ya London ilianza kutumia herufi alizozichora Johnston kwa ajili ya mabango yake, herufi zisizo na vikanyagio na zenye mistari ya unene mmoja. O yake kubwa ni duara kamili, kwa vipimo vya mawe ya Roma, na nukta iliyo juu ya i ndogo ni kimraba kilichosimama kwa pembe, kama inavyoacha kalamu ya ncha pana ikiguswa mara moja kwenye karatasi.